Weka Juu Pamoja na Banda la Zamani

Aibu yangu nitaisema kwa kinywa changu mwenyewe, maana nikinyamaza nasimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo, na kila anayesimulia anatia chumvi yake, mpaka nimesikia kuwa huko Mwera watu wanaambiwa nilimbeba Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa boma, mgongoni nikampandisha juu ya paa, jambo ambalo halikutokea (lilikaribia, lakini halikutokea). Mimi ni Athumani, fundi cherehani, umri wangu umepita arubaini, sigombani na mtu, napima mara mbili ndipo nikate mara moja, na pamoja na adabu yote hiyo kijiji kizima kinaniita Fundi Wekajuu. Wananiita kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wateja. Basi sikilizeni, halafu mniambie kama kosa ni langu peke yangu au ninaye mwenzangu wa kulaumiwa, na huyo mwenzangu ni lugha ya Kiingereza.

Kwanza mjue kwamba Kiingereza nimejifundisha mwenyewe. Utoto wangu hapakuwa na skuli kijijini kwetu, palikuwa na chuo tu, tukasoma Kurani, tukahitimu, tukatoka. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na cherehani nikanunua kamusi kuukuu Tanga mjini, nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa kwa rula yangu ya kazi. Upande wa kushoto niliandika vitenzi, upande wa kulia vile vineno vidogo vinavyofuata vitenzi: "up" ni juu, "down" ni chini, "in" ni ndani, "out" ni nje, "with" ni pamoja na, "off" ni... (hii "off" ilinitesa, kamusi ilinipa maana saba zisizojuana, nikaacha nafasi wazi nikasema nitarudi, na mtu mwenye akili hapo angeshtuka, lakini sikushtuka). Kila siku baada ya sala ya Alasiri nilikunja kazi nikashika maneno matano, na kwa miaka minane hesabu yangu ilikuwa hii: ukijua kitenzi, na ukijua kineno, viweke pamoja, umekwisha kufahamu.

Kuna ubaya gani katika hesabu hiyo? Si ndivyo lugha ya watu waaminifu ilivyo? Sisi kitenzi chetu kikitaka msaada kinauvaa mwilini mwake, pika ikawa pikia, shona ikawa shonea, na kila mtu anaona. Tena tukiongeza neno la upande tunaongeza kwa kukazia tu: tunapanda juu, tunashuka chini, tunaingia ndani, tunatoka nje. Hujapata kusikia kwetu mtu ameingia ndani kumbe maana yake amekataa posa. Mkono wa shati ukiushona kwenye shati unabaki kuwa mkono. Kwa Kiingereza unaushona mkono kwenye shati, unageuka kutazama, umepata sufuria.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watoto wetu walikuwa wakisomea katika banda la zamani la kukaushia mbata, darasa la kwanza na la pili tu, na mwalimu wao alikuja kwa baiskeli kutoka Kigombe siku ambazo baiskeli ilikuwa nzima. Aliyetaka darasa la tatu alivuka hori kwa miguu kwenda Kigombe, na maji yakijaa hakuna kupita. Mwaka ule mtoto wa Bi Tatu alichukuliwa na maji, akaokolewa kwa kushikwa kanzu (kanzu hiyo niliishona mimi, na mshono haukuachia, lakini hilo hakuna anayelisimulia). Baada ya siku hiyo Jumbe wetu, Mzee Kombo, akaapa kuwa tutapata skuli yetu yenye mwalimu wake, akapeleka ombi bomani, tukakaa kungoja.

Jibu lilikuja siku moja asubuhi, nami niko kwenye baraza ya duka la Bwana Gulamu, ambako ndiko cherehani yangu ilipo. Siku zote barua za boma zilikuja kwa Kiswahili. Hii, kwa sababu ambayo mpaka leo sijaambiwa, ilikuja kwa Kiingereza. Jumbe akaigeuza huku na huku, akasema, "Nitamtuma mtu airudishe bomani, Petro atusomee." Petro ni karani wa Bwana Shauri, Mbondei, kijana aliyesoma misheni mpaka akamaliza.

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda. Ningenyamaza, nikaendelea na suruali niliyokuwa nayo mkononi, leo ningeitwa Athumani. Badala yake nikasema, "Jumbe, ya nini kumchosha mtu? Nipe mimi."

Barua ilikuwa na sentensi mbili, na nimezihifadhi kama ninavyohifadhi Fatiha: "Your application for a school was put up to the Province and has been turned down. For the time being you must put up with the old shed."

Nikafungua daftari. Watu wakasogea. Sikukurupuka, nataka hilo lijulikane, nilitafuta neno moja moja kwa kidole, nikaandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, nikaisoma kimya, nikaisoma tena, ndipo nikatamka: "Ombi lenu la skuli liliwekwa juu Jimboni, na limegeuzwa chini. Kwa wakati huu ni lazima mweke juu pamoja na banda la zamani."

"Sasa ndiyo tumepata au hatukupata?" Jumbe akauliza.

"Fikiri mwenyewe, Jumbe. Ombi lilikwenda juu. Huko juu likageuzwa, likaelekezwa chini. Chini ni wapi?"

"Ni kwetu," akasema Jumbe polepole.

Maalim Bakari, mwalimu wa chuo, ambaye alikuwa amekuja kuchukua kanzu yake, akainua kidole. "Kheri zote huteremka," akasema. "Mvua huteremka, rehema huteremka. Shari ndiyo huzuka kutoka ardhini. Soma hapo pa pili."

"Hapa pa pili ni amri. Lazima mweke juu. Kuweka juu, katika mambo ya majengo, ni nini? Ni kusimamisha. Pamoja na banda la zamani. Tunaambiwa tujenge, na jengo liungane na banda."

Mtu mmoja tu alitia shaka, naye ni Bwana Gulamu mwenye duka, aliyetoa kichwa juu ya mizani akasema, "Fundi, mimi nikiagiza mzigo Mombasa, nikijibiwa 'turned down', huo mzigo siupati."

Nikamjibu, na naomba mnisamehe kwa kiburi nilichokuwa nacho, nikamjibu mbele ya watu: "Bwana Gulamu, hicho ni Kiingereza cha biashara. Hiki ni cha serikali."

Akarudisha kichwa ndani. (Ni mtu mwema. Alitoa misumari na bawaba za mlango bila kuombwa, na baadaye hakunikumbusha neno lake hata mara moja, ila kila akinipa chai hutabasamu.)

Basi tukajenga. Wanaume wakakata boriti kwenye mikoko, wanawake wakachota maji na kukanda udongo, makuti yakasukwa usiku na mchana, Jumbe akavua kilemba akaingia kwenye tope mwenyewe. Jengo likaanza kuinuka, na hapo palizuka ubishi mmoja, maana mafundi wa ujenzi walitaka kulipeleka kwenye mwinuko, mbali na lile banda lenye unyevu na harufu ya nazi mbovu. Mimi nikakataa. Nikasimama katikati ya uwanja na futi yangu shingoni nikasema, "Barua inasema pamoja na. Haikusema karibu na. Haikusema mkabala wa." Ikabidi ukuta mmoja uwe wa wote wawili, jengo jipya na banda la zamani wakaegemeana kama mapacha, mmoja amepakwa chokaa na mwingine amejaa masizi, na kila aliyepita aliuliza kwa nini, na kila aliyeuliza alielekezwa kwangu.

Jengo lilipokwisha nikaandika barua ya kumwalika Bwana Shauri, na mkono huu ndio ulioiandika: "Sir, as you ordered, we have put up with the old shed. Everybody is happy. Please come down and look down on us." Nilikusudia kusema kuwa kama alivyoagiza tumejenga pamoja na banda, watu wote wana furaha, tafadhali ashuke aje kututazama huku chini. Ninachoomba mkijue sasa, maana mimi nilikuja kukijua nikiwa nimechelewa, ni kwamba kule bomani sentensi ile ya kwanza ilisomeka sawasawa bila kosa lolote, ila ilikuwa na maana nyingine kabisa. Bwana Shauri aliisoma, akafurahi, akasema watu hawa ni wavumilivu ajabu, lazima niende nikawashukuru.

Akaja. Gari lake lilipata pancha ng'ambo ya hori, Petro akabaki kumsaidia dereva, na Bwana Shauri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja, akavua viatu akavuka, akavaa viatu, akatokea kijijini peke yake na kofia yake kubwa. Tulikuwa tumejipanga. Mimi nilivaa koti nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Jumbe akaniambia, "Petro hayupo, na huyu Kiswahili hajui. Simama mbele, Fundi," nami nikasimama.

Alianza vizuri. Alinipa mkono, akasema maneno mengi ya shukrani, "thank you" nikaisikia mara nne, nikawaambia watu, "Anashukuru," wakafurahi. Akasema tumekuwa "patient", neno ambalo daftarini kwangu lilikuwa mgonjwa wa hospitali, nikaliruka. Ndipo akageuza kichwa akaliona jengo jeupe.

Akalizunguka. Akagusa ukuta kwa kidole, akatazama chokaa kwenye kidole. Akarudi akasimama mbele yangu, na uso wake haukuwa ule wa kwanza.

"Who put you up to this?" akauliza.

Jamani, "put up" yangu ile! Niliisikia ikija kama mteja wa zamani. Who ni nani, put up ni kuweka juu, to this ni mpaka hapa. Nikawageukia watu nikasema, "Anauliza ni nani aliyewainua mpaka mkafikia hapa," kisha sikungoja jibu, nikapiga kifua nikamwambia kwa Kiingereza, "Me, sir! I put them up. All of them!"

"Umemwambia nini?" Jumbe akauliza.

"Nimemwambia ni mimi."

"Wewe peke yako? Na mimi niliyeingia kwenye tope? Mtaje na Jumbe!"

"The Jumbe also put them up, sir."

"Nami nisisahauliwe," akasema Maalim Bakari, "mimi ndiye niliyesoma dua."

"And the Koran teacher put them up, sir, with prayers."

Bwana Shauri akatoa kidaftari mfukoni akaanza kuandika majina. Siku zile, mnajua, mambo ya kadi za chama cha kudai uhuru yalikuwa yameanza kutembea, na watu wa boma walikuwa wakimwona mchochezi nyuma ya kila mnazi, lakini mimi nilidhani tunaandikwa tupate nishani. Jina la Jumbe lilimshinda kuandika. Nikamsomea herufi moja moja, polepole, asikosee.

Alipokwisha kuandika akaelekeza fimbo yake kwenye jengo akasema, "I'm sorry, but this will have to come down."

Come ni kuja. Down ni chini. Na kila mmoja wetu alikwisha kujua kuwa kinachokuja chini kinakuja kwetu. Nikainua mikono yote miwili nikapaza sauti, "Anasema kuna jambo jingine litashuka!"

"Ni mwalimu!" Bi Tatu akapiga kelele. "Mwalimu anashuka!"

Vigelegele vikapanda, ngoma ikaanza, na mke wangu, Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa amejiandaa toka asubuhi, akaenda mbele na mrashi wake akamnyunyizia Bwana Shauri marashi, kichwani, mabegani, kifuani, mpaka yakawa yanadondoka kwenye ukingo wa kofia. Vijana wanne wakainama kumshika miguu wampandishe mabegani (ndilo lile la Mwera, na nasema tena, hakupandishwa, alirukia nyuma). Yule mtu ameamuru nyumba ivunjwe, anashangiliwa na kutiwa marashi. Sijapata kumwona binadamu aliyepotelewa na akili kama yeye saa ile.

Hapo ndipo Petro alipofika, suruali imelowa mpaka magotini. Akazungumza na bwana wake kidogo. Akanitazama. Akazungumza tena. Kisha akanijia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, mambo yamekwisha."

"Naona. Fundi, Bwana Shauri alikuuliza nini?"

"Aliuliza nani aliyewaweka juu mpaka hapa. Nikasema mimi, na Jumbe, na Maalim."

Petro akafumba macho. "Aliuliza nani aliyewachochea."

Ngoma ilikuwa bado inapigwa. Mtu mmoja akamshika mpigaji mkono.

"Na kuja chini?" nikauliza.

"Amesema jengo livunjwe."

"Na barua?"

"Barua gani?"

Nikaitoa kifuani, maana nilikuwa natembea nayo. Petro akaisoma kwa muda mfupi mno, na ule ufupi uliniuma, kazi iliyonichukua mimi asubuhi nzima. "Ombi lilipelekwa Jimboni," akasema, "likakataliwa."

"Kukataa ni 'refuse'!" nikafoka. "Ninalo! Nimeliandika mwenyewe, ukurasa wa kumi na tisa! Kwa nini hawakuandika 'refuse'?"

"Mngekasirika. Hii ni lugha ya upole."

"Upole gani huu? Na hapa pa pili, lazima tuweke juu pamoja na..."

"Kuvumilia, Fundi. Hayo maneno matatu yakiandamana ni kuvumilia. Mliambiwa kwa sasa mlivumilie banda la zamani."

Nikamwambia kuwa hakuna hata moja katika hayo matatu lenye uvumilivu ndani yake, si kuweka, si juu, si pamoja na, na kwamba dakika chache tu zilizopita maneno hayo hayo yalikuwa kuchochea, na kwenye mstari wa kwanza wa barua yalikuwa kupeleka, na kwamba kitambaa kimoja hakiwezi kuwa kanzu, na suruali, na tanga la ngalawa kwa wakati mmoja. Petro akasema, "Ndivyo kilivyo," kwa sauti ya mtu aliyefundishwa darasani bila kuuliza.

Bi Tatu ndiye aliyeuliza. "Yaani tuliambiwa tuvumilie, sisi tukajenga?"

Mtu akacheka. Kisha wa pili. Wakacheka kama watu wanaolia, na wengine walikuwa wakilia kweli, maana wiki sita za mikono yao zilikuwa zimesimama pale na chokaa mbichi, na mtu amesema zivunjwe. Jumbe hakucheka. Alinisogelea akaniambia polepole, "Athumani, nimeandikwa daftari la wachochezi kwa ulimi wako. Na ukamsomea herufi."

Nilimtazama yule mzee, miguu bado ina nyufa za udongo, nikamtazama na mtoto wa Bi Tatu akiwa amevaa ile kanzu. Aibu nilikuwa nayo, ndiyo, lakini juu ya aibu palikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka mbele. Nikachukua daftari langu, nikamwendea Bwana Shauri, nikamwekea mikononi, nikamwambia Petro, "Sema neno kwa neno, usipambe. Mwambie hapa hakuna mchochezi. Jumbe hana kosa, Maalim hana kosa, walifuata nilichowasomea. Nilichosoma hiki hapa. Atazame put, atazame up, atazame with, kisha aniambie kuvumilia kumeandikwa wapi. Akitaka kufunga mtu anifunge mimi. Lakini jengo asiliguse, maana likivunjwa hawa watoto watarudi kwenye maji, na safari nyingine huenda pasiwe na mshono wa kushika."

Petro akasema. Naamini hakupamba.

Bwana Shauri akafungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Kufika wa tatu au wa nne akakaa kwenye ngazi ya skuli. Akaendelea kufunua, mstari kwa mstari, miaka minane ya Alasiri zangu, na marashi yakidondoka kwenye karatasi. Ghafla mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani amepatwa na homa. Alikuwa anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na nawaambieni kweli, kule kucheka kuliniuma kuliko kama angeniita askari. Akafika pale nilipoacha nafasi wazi ya "off", akaacha kucheka. Akanitazama.

"Anauliza nani aliyekufundisha," akasema Petro.

"Mwambie hakuna. Skuli tulikuwa hatuna. Ndiyo maana tukaomba."

Akainuka, akaenda kwenye ule ukuta wa ubishi, ule ulioshirikishwa na banda, akaupiga kwa kiganja. Akamwuliza Petro kitu, Petro akaniuliza mimi, nikajibu kuwa ndiyo, huwezi kuvunja jipya usiangushe na la zamani, na la zamani ni mali ya boma, limo kwenye orodha yao. (Nashukuru Mungu kwa "with". Ni neno pekee katika barua ile lililonitendea wema.) Ndipo Bwana Shauri akakung'uta kofia, akatoa kidaftari chake, akachana ule ukurasa wenye majina yetu, akasema sentensi moja ambayo nilimlazimisha Petro aniandikie kabla hajaondoka: "Well, you have put it up, so I suppose we must put up with it."

Tukamtazama Petro wote kama watu wanaotazama mwezi wa Idi.

"Anasema, mmelisimamisha, basi nasi itabidi tulivumilie."

Hakuna aliyesogea. Bi Tatu akakaza kanga kiunoni akauliza, "Petro mwanangu, una hakika? Tupige vigelegele, au tungoje?"

"Pigeni, mama."

Mke wangu akatazama mrashi, lakini alikuwa amekwisha kuumaliza wote kwenye amri ya kuvunja.

Mwalimu alikuja baada ya mfungo, na sanduku la chaki. Watoto hawavuki tena hori. Mtu angedhani mambo yaliishia hapo na mimi nikashukuriwa, lakini ngojeni. Kumbe Petro alikuwa amemsimulia mwalimu, na mwalimu akaona huo ni mfano mzuri wa kufundishia, na skuli yenyewe iko hatua arubaini tu kutoka baraza ya Bwana Gulamu (nilipima mwenyewe). Kwa hiyo wakifika darasa la kuanza Kiingereza, watoto wale wale niliowapigania wanakaa ndani ya jengo lile lile nililowajengea na kuimba kwa sauti moja, "Put up, simamisha! Put up with, vumilia!" nami niko pale nimeinamia cherehani. Wakitoka hupita mbele yangu. "Shikamoo Fundi Wekajuu," kwa adabu kabisa, ndilo linaloudhi zaidi. Na nyumbani siku ambayo bada la muhogo limeungua mke wangu huniwekea sahani akasema, "Haya baba, nimeliweka juu. Livumilie."

Sikukataa kujifunza. Nimeligawa daftari upya, sasa lina safu tatu, na ile ya tatu ni ya kuandika yale maneno mawili yanapokuwa yamekwisha kuoana na kuzaa mtoto asiyefanana na baba wala mama. Petro akipita hunisaidia, nami namshonea vifungo. Lakini nimeapa, na kiapo changu nakisema mbele yenu muwe mashahidi, kwamba barua ya Kiingereza ya mtu mwingine sitaisoma tena kwa sauti maishani mwangu, hata iwe na neno moja, hata neno hilo liwe "yes".

Wiki iliyopita Jumbe alinijia barazani na bahasha ya boma, ameishika kwa vidole viwili. Safari hii aliomba darasa la tano, na jibu tena limekuja kwa Kiingereza. Akakaa, akakohoa, akasema, "Fundi, mimi sikuombi kusoma. Chungulia tu, uniambie kama uso wake ni wa kheri."

Nilichungulia. Sikuchungulia zaidi ya maneno mawili, "put off". "Put" namjua, tumetoka mbali. "Off" nimemwachia nafasi yake mpaka leo.

Nikaikunja barua vizuri, nikamrudishia. "Bomani si mbali, Jumbe," nikamwambia, nikakanyaga cherehani.